Teja: mgonjwa au mhalifu?

Wadau, teja wa Kirumba ni mgonjwa au mhalifu? Serikali yetu inajibu yote mawili. Kwa Sheria ya Dawa za Kulevya ya 2015, akikutwa na kete moja tu ni kesi. Lakini hapo hospitali ya Sekou Toure anapewa methadoni bure, anainywa mbele ya mhudumu. Kisa? Unga unabadilisha ubongo. Akiukosa, arosto inampiga: maumivu, kutapika, usingizi hakuna. Kumwambia "acha tu" haitoshi. Ureno, tangu 2001, mwenye kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe haendi jela, anapelekwa kwenye kamati. Muuzaji bado anashtakiwa. Sasa jamani, anayemkimbia polisi atafikaje kliniki? Mnasemaje?