Ngoma za Wakamba na Senema ya Uwanjani

Uwanda wa Athi, pande za Kinanie katika Machakos, hauhitaji kazi nyingi ili ufae kwa senema. Msanii wa Ukambani atakaye kuonyesha ngoma zake kwa picha ana nafasi ya kutosha. Aongeze kitambaa cheupe na mashine ya umeme, kisha angoje usiku. Jambo la kufikiriwa ni watazamaji watakaa wapi.

Nairobi, iliyo karibu, ilikuwa na senema za motokaa zilizojulikana sana: Belle Vue katika barabara ya Mombasa, na Fox katika barabara ya Thika. Dar es Salaam ilipata yake mwaka 1966, na mahali pale leo pana ubalozi wa Marekani. Mtu aliingia na motokaa yake, akaielekeza kwenye ukuta mweupe, akaning'iniza kipaza sauti kidogo dirishani. Miaka ya baadaye sauti ilipitishwa katika redio ya motokaa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga majumba ya senema, desturi hii ilifufuka katika nchi nyingi, maana kila jamaa hukaa peke yao.

Kwa hadithi ya mapenzi au ya bunduki, mpango huo wafaa. Kwa ngoma haufai. Vijana wa Kikamba huruka na kupinduka hewani. Akina mama wa kilumi huongozwa na mdundo. Sauti ikifungiwa ndani ya vioo, aliye nje ataona watu wakirushwa na kitu asichokisikia, na aliye ndani hataweza hata kuinuka. Tena, si kila mtu wa Kinanie ana motokaa.

Kuna mfano mwingine, wa zamani zaidi. Kati ya miaka 1935 na 1937 kulikuwa na kazi ya kujaribu senema kwa Waafrika, yenye makao yake Vugiri, Tanganyika. Lori lake lilizunguka hata Kenya, likichukua picha pamoja na sahani za santuri zilizotoa sauti. Magari mengine ya senema yalifuata. Watu walikaa chini, na mkalimani alieleza mambo kwa lugha yao. Bwana William Sellers, mkuu wa idara ya picha iliyoanzishwa London mwaka 1939, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ziendazo mbio, kwa hiyo zikatengenezwa pole pole. Lakini watazamaji hao hao walimcheka Charlie Chaplin, aendaye mbio kuliko wote, bila kufafanuliwa neno.

Basi Kinanie motokaa ziwekwe nyuma, na wenye miguu wakae mbele kwa mikeka yao, wakilipa kidogo. Vipaza sauti viwe vikubwa, vielekezwe kwa wote. Mpiga picha naye asikate miguu ya wachezaji kwa kupenda nyuso zao. Na taa za motokaa zizimwe zote, kwa kuwa taa moja iliyosahauliwa yatosha kuifuta ngoma nzima kitambaani.