Rust: Lugha ya Kompyuta Inayochunga Uhai wa Data

Mwaka 2006 Graydon Hoare, mhandisi wa Mozilla, alirudi nyumbani kwake Vancouver, Kanada, akakuta lifti haifanyi kazi kwa sababu programu yake imekwama. Aliishi ghorofa ya 21. Kukwama kwa namna hiyo mara nyingi hutokana na makosa ya kumbukumbu, naye akaanza kubuni lugha ya kuyazuia. Toleo la 1.0 la Rust lilitoka Mei 2015.

Sehemu moja ya programu inapohitaji data ya sehemu nyingine, mara nyingi hainakili data hiyo. Hupewa rejeo tu, yaani anwani ya mahali ilipo. Katika C na C++, data inaweza kufutwa na rejeo likabaki, kama anwani ya nyumba iliyobomolewa na kiwanja kupewa mwingine. Atakayeifuata husoma takataka, au humfungulia mdukuzi njia. Mwaka 2020 timu ya Chrome ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro kubwa za usalama za kivinjari hicho zilikuwa za kumbukumbu, na nusu yake za aina hii hasa.

Rust hukagua jambo hili kabla programu haijaanza kufanya kazi. Tangaza kigeu r nje ya mabano. Ndani ya mabano, tengeneza x yenye thamani 5, kisha ipe r rejeo la x. Mabano yakifungwa, x imekufa. Jaribu kuchapisha r baada ya hapo: kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, inakataa katakata na kukupa kosa E0597, kwamba x haikuishi muda wa kutosha.

Panapowachanganya wengi ni alama 'a, inayoandikwa kwenye rejeo kutaja muda wake wa kuishi. Chukua kitendaji (function) kinachopokea marejeo ya matini mbili na kurudisha lile la matini ndefu zaidi. Kompaila haiwezi kujua mapema ni lipi litakalorudi, ndiyo maana inadai alama hiyo. Wanafunzi hudhani 'a huirefushia data maisha. Hairefushi hata kidogo! Inaeleza uhusiano tu: jibu lisitumike baada ya yoyote kati ya matini hizo mbili kufa. Programu ikishaanza kazi, alama hizo hazipo tena wala haziipunguzii kasi.

Kwa hiyo kompaila ikikugomea, usikimbilie kubandika 'static, alama inayodai data iweze kuishi hadi mwisho wa programu, ili inyamaze. Tafuta kwanza mmiliki wa data, yaani kigeu kinachoishikilia, ni nani na anakufa wapi. Kisha msogeze nje ya mabano, au urudishe data yenyewe badala ya rejeo.