Mkulima Akifungua Aplikesheni Yako Mara ya Kwanza, Unamuuliza Nini?

Leo nazungumza zaidi na nyinyi vijana mnaolima huku mnatengeneza aplikesheni za kilimo. Mko wengi siku hizi, na kazi yenu inahitajika. Ila kuna sehemu moja wengi mnawapoteza watu: zile dakika mbili za mwanzo.

Mkulima ametumia bando lake kupakua. Anafungua, anakutana na fomu. Majina matatu, namba ya NIDA, kata, kijiji, ukubwa wa shamba, mara picha. Wakati huo nyanya zake zimeingiliwa na kantangaze, na majani yanazidi kukauka. Atajaza saa ngapi? Anaifuta, anakwenda dukani, anauziwa dawa yoyote iliyopo. Fomu ile ilikuwa na faida kwako wewe mwenye aplikesheni. Yeye haikumpa kitu.

Watu wanaofungua aplikesheni hiyohiyo siku moja hawafanani. Mmoja ana mdudu shambani na anataka jibu kabla jua halijazama. Mwingine kavuna vitunguu, viko stoo, dalali kamtajia bei na anataka kujua kama anapigwa. Wa tatu ana mtaji, hajawahi kushika jembe, anataka kujua heka moja ya matikiti inakula shilingi ngapi. Ukiwapitisha wote mlango mmoja wenye somo la "historia ya zao la nyanya", utabaki na huyo wa tatu, tena akiwa na subira.

Angalia PlantVillage Nuru, iliyotoka Chuo Kikuu cha Penn State. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama inaona batobato au michirizi ya kahawia, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Imejengwa kwa mtu mwenye swali moja, akiwa amesimama shambani. AKILIMO, iliyotokana na mradi ulioongozwa na IITA, ina njia nyingine. Kwanza unachagua unachotaka: ushauri wa mbolea, kilimo cha mchanganyiko (kwa Tanzania ni muhogo na viazi vitamu), namna bora ya kupanda, au muda wa kupanda na kuvuna. Maswali ya ukubwa wa shamba, bei ya mbolea na bajeti yako yapo, na ni mengi, lakini unayajibu ukijua yanakwenda kupiga hesabu yako.

Basi skrini yako ya kwanza iwe na swali moja: "Umekuja kutafuta nini leo?" Chini yake weka majibu manne kwa maneno ya mkulima mwenyewe. Nina mdudu au ugonjwa. Nataka kuuza. Nataka kupiga hesabu kabla ya kupanda. Naangalia tu. Usiliache hilo la mwisho, maana wateja wengi ndivyo wanavyoanza, hata gulioni. Na andika kantangaze. Hakuna anayetafuta "Tuta absoluta" akiwa katikati ya matuta.

Taarifa za mtu ziombe pale zinapohitajika. Ukubwa wa shamba, wakati wa kukokotoa mbolea. Namba ya simu, mnunuzi anapotaka kumpigia. NIDA subiri hadi aombe mkopo.

Halafu kuna jambo watengenezaji wengi hawalioni kwa sababu hawalimi: lengo linabadilika na msimu. Yule aliyepiga hesabu kabla ya mvua ndiye huyohuyo atakayekuja na picha ya kiwavijeshi mahindi yakiwa magotini, na baadaye ataulizia bei ya gunia. Ukimfungia kwenye kundi la "anayeanza" kwa vile alibonyeza hivyo siku ya kwanza, miezi mitatu baadaye unamletea somo la kuandaa kitalu wakati anatafuta lori. Swali lile lirudi kila msimu, na kitufe cha kubadilisha kionekane.

Kabla hujaitangaza, nenda gulioni na simu ya bei nafuu, si hiyo yako. Mpe mama anayeuza mazao yake mwenyewe, mwambie atafute anachokihitaji, kisha nyamaza. Usimwelekeze kidole. Andika alipokwama, na andika pia alichokuwa anakitafuta ambacho wewe hukukiweka.