Umri wa Adhuhuri: Imani Yako ni Yako, au ni ya Baba Yako?

Ndugu msomaji, kila mtumishi wa umma, awe mwanajeshi, polisi au karani, amewahi kujaza fomu yenye nafasi ya kuandika dini yake. Kalamu haisiti hapo. Tunaandika haraka neno lile lile tulilorithi kwa wazazi, kisha tunaendelea na jina la mke, idadi ya watoto na namba ya kazi. Nimejaza fomu za namna hiyo kwa muda wa miaka 17, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na baadaye nikiwa ofisini, na sikupata kujiuliza kama neno ninaloliandika lina ukweli ndani yake. Mwaka huu, nikiwa na umri wa miaka 39, niliulizwa. Aliyeniuliza hakuwa ofisa wa utumishi wala kiongozi wa dini. Alikuwa mwanangu.

Swali la kijana

Marehemu baba yangu alikuwa askari polisi hapa Uganda. Kabla ya gwaride la asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda, akiwa amekwisha kuvaa sare, akasali kwa sauti ya chini. Sisi watoto tulilala upande wa pili wa pazia, na minong'ono ile tuliizoea kama tulivyozoea kuwika kwa jogoo. Alipofariki mwaka jana, wazee wa ukoo walinikabidhi Biblia yake, ambayo jalada lake limechakaa kwa kushikwa. Niliileta nyumbani, nikaitia katika droo ya meza pamoja na stakabadhi za karo na bili za maji.

Siku moja kifungua mimba wangu, ambaye yuko sekondari, alikuwa akitafuta stakabadhi ya karo. Akaikuta ile Biblia, akaifungua, akaona mistari aliyopiga babu yake kwa kalamu ya risasi. Akaja sebuleni akaniuliza kwa adabu, "Baba, babu alikuwa akiamini. Wewe je, unaamini, au unatupeleka tu kanisani kwa sababu babu alikupeleka?"

Mama watoto aliacha kuchambua mchele akanitazama. Nami nilimwambia kijana kwa ukali aende akasome. Hilo ndilo jibu la baba asiye na jibu.

Usiku ule sikupata usingizi, wala si kwa sababu ya swali peke yake. Ofisini kwangu lilikuwako faili la mjane wa askari, aliyekuwa akifuatilia malipo ya marehemu mumewe. Faili lile lilikosa saini moja na barua moja fupi, kazi isiyozidi nusu saa, nalo lilikuwa limelala katika droo yangu kwa wiki saba. Sikumdai mama yule hongo. Nilikuwa nimechoka tu, naye hakuwa na mtu wa kumsemea. Kila alipokuja nilimwambia, "Rudi wiki ijayo, mama." Na katika Jumapili mbili za wiki hizo saba, mimi ndiye niliyesimama mbele ya waumini nikasoma Neno la Mungu.

Basi nilikuwa na droo mbili. Ya nyumbani ilikuwa na imani ya baba yangu, na ya ofisini ilikuwa na haki ya mjane. Zote mbili nilikuwa nimezifunga.

Jua likiwa utosini

Wasomaji wengi walio na umri kama wangu wataelewa kwa nini swali la mtoto lilinichoma. Mtu wa miaka 20 anaweza kusema kwamba atatengeneza mwenendo wake baadaye. Mzee wa miaka 70 anaweza kusema kwamba amekwisha kufanya aliyoyaweza. Mtu wa makamo hana pa kujificha. Nyuma yake anawazika wazazi, na mbele yake watoto wanamkagua. Katika utumishi wa umma tunastaafu kwa lazima tukifika miaka 60, na askari wa vyeo vya chini huvua sare mapema zaidi. Kwa hiyo mwenye miaka 39 tayari amekwenda karibu nusu ya safari ya kazi. Ni kama saa sita ya mchana, jua likiwa utosini na kivuli kikiwa chini ya nyayo: huwezi kusema bado ni asubuhi.

Si ajabu kwamba vitabu vya dini vinautazama sana umri huu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 7, tunaelezwa kwamba Musa alikuwa akikaribia miaka 40 alipopata moyo wa kwenda kuwatazama ndugu zake waliokuwa wakiteswa. Waislamu nao wanajua kwamba Mtume Muhammad alipata wahyi katika pango la Hira akiwa na umri wa miaka 40, na kwamba Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, inautaja umri huo huo pamoja na kumshukuru Mungu kwa neema zake, kuwakumbuka wazazi na kukiombea kizazi.

Lakini wako wengi ambao, swali likiwajia, hulikimbia. Mmoja hukimbilia chupa. Mwingine huanzisha nyumba ya pili ambayo mshahara wake hauwezi kuilisha. Wa tatu huhama kutoka madhehebu hadi madhehebu akitafuta miujiza, hata akiba ya karo ikaishia katika vikapu vya sadaka. Hawa wote wanatafuta maisha mapya mahali pasipokuwa na maisha yao. Napenda niwaeleze habari za watu wawili wa zamani, mmoja askari na mmoja mwalimu, ambao hawakulikimbia swali.

Askari aliyevunjika mguu

Ignatius wa Loyola alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabasque, Hispania. Alikuwa mtu wa silaha, mpenda sifa na mavazi mazuri. Mwezi Mei mwaka 1521, akiilinda ngome ya Pamplona dhidi ya Wafaransa, alipigwa na risasi ya mzinga ikamvunja mguu. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Mfupa ulipounga vibaya ukatokeza chini ya goti, aliwaamuru waganga waukate kwa msumeno, maana hakutaka kuonekana na kilema ndani ya viatu vyake virefu. Wakati huo dawa za ganzi hazikuwako. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuvumilia maumivu makubwa kwa ajili ya sifa.

Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita ili apitishe muda. Nyumba nzima haikuwa na hata kimoja cha vitabu hivyo. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Ndipo alipogundua jambo dogo lililomgeuza. Alipowaza juu ya ushujaa na wanawake wa kasri, alifurahi, kisha moyo ukabaki mkavu. Alipowaza juu ya kuishi kama wale watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya mawazo kuondoka.

Mwaka 1522 aliuacha upanga wake katika madhabahu ya Montserrat. Mwaka 1524, mtu mzima wa miaka 33, alikaa pamoja na watoto mjini Barcelona akijifunza Kilatini. Shirika la Wajesuiti alilolianzisha na wenzake lilikubaliwa na Papa mwaka 1540. Angalieni, ndugu zangu askari, kwamba aliacha upanga lakini hakuacha nidhamu. Aliwafundisha wafuasi wake kujikagua nafsi kila siku, kama vile askari anavyoikagua bunduki yake hata kama hakupiga risasi siku hiyo.

Mwalimu aliyekosa sauti

Zaidi ya miaka 400 kabla ya Ignatius, alikuwako mwalimu Mwislamu, Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 huko Tus, katika nchi inayoitwa Iran leo. Mwaka 1091 alipewa kiti cha ualimu katika chuo cha Nizamiya mjini Baghdad. Alikuwa na wanafunzi 300, na wakubwa wa serikali walimheshimu. Hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba bwana yule hana dini.

Lakini mwenyewe alijichunguza, akaona kwamba hafundishi kwa ajili ya Mungu bali kwa ajili ya cheo na sifa. Kwa muda wa karibu miezi sita alivutana na nafsi yake: leo anaazimia kuondoka, kesho anaahirisha. Mwaka 1095, akiwa na umri wa miaka 37 hivi, ulimi wake ulifungwa. Alisimama mbele ya wanafunzi, neno lisitoke. Chakula kikamshinda. Waganga wakasema kwamba ugonjwa wake umeanzia moyoni na dawa yao haiwezi kuufikia.

Aliondoka Baghdad. Aligawa mali yake, ila alibakiza kiasi cha kuwatosha watoto wake. Jambo hili nawaomba akina baba walikumbuke: hata mtu aliyekuwa akimtafuta Mungu kwa uchungu hakuwaacha wanawe na njaa. Alikaa Damascus, akazuru Jerusalem, akaenda kuhiji Makka. Kisha, mwaka 1106, alirudi kufundisha, safari hii huko Nishapur. Mwenyewe alieleza kwamba kwa nje alirudia kazi ile ile, lakini nia haikuwa ile ya kwanza. Alifariki Tus mwaka 1111.

Lililo mkononi mwako

Nilipoyatafakari maisha ya wawili hawa, nilielewa kwamba sikuhitaji kuacha kazi wala kubadili dhehebu. Ghazali alirudi darasani. Ignatius alibaki na nidhamu ya askari. Kilichogeuka kilikuwa nia. Sisi tusio na uwezo wa kusafiri miaka 10 tunaweza kuanza na lile lililo mkononi mwetu.

Kwa faida ya nyumba zetu, nayaeleza machache ninayoyajaribu mwenyewe.

Kwanza, kila usiku kabla ya kulala, najiuliza maswali matatu: Leo nimepokea neema gani? Nimemdhulumu nani? Kesho nitatengeneza nini? Dakika 10 zinatosha, na mwenye zamu ya usiku anaweza kufanya hivyo mara arudipo kutoka lindoni.

Pili, nimezungumza na mama watoto kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Mume akibadilika kimyakimya, mke hudhani kuna mwanamke mwingine.

Tatu, simlazimishi mtu nyumbani kuona kama ninavyoona. Imani niliyokuwa nayo kwa kulazimishwa ndiyo iliyolala katika droo.

Nne, anayelemewa asione aibu kumwendea padri, mchungaji au shehe anayemwamini, au mzee mwenye busara. Na akiona usingizi umempotea kabisa na moyo umekata tamaa ya kuishi, aende pia kwa daktari. Moyo nao huugua, na kutibiwa si ukosefu wa imani.

Nimebakiza kuwaambia habari za lile faili. Asubuhi iliyofuata nililitoa, nikaandika barua, nikatafuta saini, na kabla ya saa nne lilikuwa limekwisha kuondoka mezani kwangu. Mama yule alipofika, nilisimama, nikamwambia, "Mama, wiki hizi saba kosa lilikuwa langu. Nisamehe." Hakunishukuru, wala hakunilaumu. Aliikunja nakala ya barua, akaifunga katika pindo la leso yake, akaondoka. Mlangoni aligeuka akasema, "Watoto walirudishwa kutoka shule muhula uliopita." Neno hilo ninalo mpaka leo, na sitaki liniondoke.

Jioni nilimwita kijana wangu. Nikamwambia, "Uliniuliza swali nikakufukuza. Jibu ni kwamba nilikuwa nikiwapeleka tu. Sasa ninajifunza kwenda mwenyewe." Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba ile Biblia ya babu yake aiweke chumbani kwake. Nilimkatalia. Nilimwambia itakaa mezani, mahali ambapo sote tutaifikia, maana mimi mwenyewe sijamaliza kuisoma.

Ndugu msomaji, wito wa taifa letu la Uganda unamtaja Mungu kwanza, kisha nchi. Tunauona kwenye ngao ya taifa kila siku. Basi leo jioni, kabla hujazima taa, ifungue droo yako utazame umeweka nini humo, na ni nani anayekingoja.