Kuku Watatu Kando ya Karoti

Ikifika saa nne asubuhi, jua likishakausha umande, tetea wangu mwekundu huenda kwenye kijishimo chake chini ya ukuta wa mawe meusi, hulala ubavu na kuanza kujimwagia vumbi. Hupigapiga mabawa, husugua shingo ardhini, kisha hunyoosha mguu mmoja nyuma na kutulia kimya hadi udhani amekata roho. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilimkimbilia na bakuli la maji. Kumbe anaoga. Udongo wetu wa volkano ukikauka huwa laini kama unga, na vumbi hilo likipenya manyoyani huwapunguza chawa na utitiri. Siku hizi nakaa tu kwenye kigoda na kumtazama, na sioni haya kusema kwamba hiyo ndiyo robo saa niipendayo kuliko zote.

Tangu nianze kufuga, watu hunisimamisha njiani kuniuliza waanze vipi. Wengi huanza na aina ya kuku: Sasso, ambaye asili yake ni Ufaransa, Kuroiler aliyetokea India, au hawa wetu wa kienyeji? Mimi nami huwauliza: jirani yako amepanda nini?

Kwetu Nyakiriba, magharibi mwa Rwanda, si mahali pa kuachia kuku wazurure. Karoti, vitunguu, kabichi na viazi vinafika hadi kizingitini, na shamba la mwenzako linaanza pale lako linapoishia, pengine bila hata mstari wa majani kati yenu. Kuku hafundishwi kuchakura. Mmoja tu, kwa alasiri moja, anaweza kupindua tuta la miche ya karoti ambalo mama wa watu amelipalilia kwa mkono wiki nzima. Zamani kuku alifunguliwa alfajiri akajitafutia mwenyewe hadi magharibi, ardhi ilikuwepo. Leo anayetaka kuku bustanini, hata wawili au watatu wa kupendezesha nyumba na kuwapa watoto mayai, aende kwanza kubisha hodi kwa jirani, aeleze anachotaka kufanya, na aoneshe uzio utapita wapi.

Banda basi linatangulia, kuku wanafuata. Chagua mahali kwa kuangalia maji ya mvua yanakopita. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko pamoja na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 katika Mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Tangu siku hiyo mimi sijengi hata kibanda bila kupanda kwanza juu ya mteremko kuona kitakachoteremka. Banda langu limesimama juu ya mawe, sakafu ya mbao iko juu ya ardhi kiasi cha goti, bati limeinamia upande wa mfereji. Kwa kuku watatu, mita moja kwa mita moja ya kulala inatosha, pamoja na ua wa wavu wa mita kumi za mraba hivi wa kutembelea mchana. Weka ufito wa kulalia, kila kuku apate kama sentimita 25, na kiota kimoja chenye giza kidogo na nyasi kavu. Mlango ufungwe kila jioni bila kusahau hata siku moja, kwa maana kicheche hasahau.

Watu huogopa baridi yetu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi yake, kwa hiyo usiku tunajifunika mablanketi mawili. Lakini mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na akijitunisha manyoya yake anastahimili. Kinachomdhoofisha ni unyevu na hewa chafu. Anayeziba kila tundu kwa huruma humfungia kuku ndani na mvuke wa kinyesi chake, nao humharibia mapafu. Acha nafasi chini ya paa hewa itoke, mahali ambapo upepo haumpigi aliyelala. Asubuhi, kabla ya kufungua, inama uingize kichwa hadi usawa wa ufito. Macho yako yakiwasha, na yao yamewasha usiku kucha.

Sasa nifike pale nilipoumia. Kuku wangu wa kwanza walikuwa wanne, wazima, wa miezi mitano. Siku moja nilinunua wa tano, mweupe, mzuri wa kutazamwa, na jioni ile ile nikamchanganya na wenzake. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nilidhani wanasema juu ya watu tu. Siku chache baadaye mmoja alisimama pembeni, mabawa yameshuka, kinyesi kijani. Kesho yake shingo ilipinda, uso ukatazama juu. Wanyarwanda huuita ugonjwa huo umuraramo. Kwa Kiswahili ni mdondo au kideri. Jina lake la kitaalamu, Newcastle, linatokana na mji wa Uingereza ulikotambuliwa miaka ya 1920. Hauna dawa. Ndani ya wiki moja banda lilikuwa tupu, na kabla mwezi haujaisha kuku wa majirani wawili walikuwa wamekufa vilevile. Ugonjwa niliuleta mimi, kwa mikono yangu, ndani ya tenga.

Nilipokwenda kwa veterineri kuuliza juu ya chanjo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mwenye kuku watatu hachanji. Chanjo ya matone ya jicho huja katika kichupa cha dozi mia na zaidi, na kikishafunguliwa hakihifadhiki. Nani afungue kichupa kizima kwa matone matatu? Lakini umuraramo haupigi hodi kwa mmoja mmoja, na kichupa kile kinatosha umudugudu, yaani kijiji, mzima. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijamii, watu wanapoketi kuzungumza mambo yao, nilisimama nikaomba tuchange. Mtu mwenye kuku watatu alitoa sehemu yake, mwenye ishirini yake, na siku ikapangwa. Tunarudia kila baada ya miezi mitatu au minne.

Chakula kisikutishe. Pumba, mahindi yaliyoparazwa, majani ya kabichi, na mabaki ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huwapa nguvu. Maganda ya mayai yakaushwe na kupondwa wapate chokaa. Maganda ya viazi yachemshwe, na yaliyogeuka kijani yatupwe kabisa, kwa sababu yana sumu. Maganda na kokwa za parachichi pia ni hatari kwa ndege. Huku kwetu hili husahaulika sana. Maji safi yasikatike.

Anayeanza anunue matetea wa miezi minne hivi waliokwisha kuchanjwa. Vifaranga wa siku moja wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na katika baridi hii ni kazi ya mtu mwenye uzoefu. Mgeni yeyote akae peke yake wiki mbili, mbali na wenyeji. Jogoo si lazima: tetea hutaga bila yeye, ila mayai hayataanguliwa. Na usikasirike siku ikipita bila yai. Yai moja huchukua saa 25 hivi kutengenezwa, kwa hiyo kuku huchelewa kidogo kila siku hadi anaruka siku moja, kisha anaanza upya.

Siku ya chanjo watoto hufika mapema, kila mmoja na kuku wake kwapani, amefungwa mabawa kwa kiganja. Bibi jirani yangu, yule niliyemuulia kuku, huleta wake sita ndani ya tenga lile lile nililompa kama fidia. Veterineri huinamisha kichwa cha kuku, jicho moja likaelekea juu, na kudondosha tone moja. Hamwachii papo hapo. Sote tunanyamaza tukitazama lile jicho la rangi ya asali hadi ukope upande na kushuka. Hapo tone limeingia, na kuku anawekwa chini.