Urithi Ulio Hai Ndani ya Sotet

Familia ya Kiitaliano inayoishi kwa kupika na kuuza brodo, ile supu ya mifupa na nyama, hurithisha mapishi: mifupa ipi, maji kiasi gani, moto wa saa ngapi. Kilichomo chunguni hakirithiki, maana mchemko umekwisha kuua viumbe wake. Katika vilima vya majani chai vya Kericho na Bomet, nchini Kenya, familia ya Kikipsigis inayouza mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, hurithisha mapishi pia, lakini huongeza kitu ambacho chungu hakiwezi kukihifadhi: jamii nzima ya viumbe hai, wanaokaa ndani ya sotet, kibuyu cha maziwa. Ushahidi uko katika kazi yenyewe. Mama huosha kibuyu na kukikausha, huchoma kijiti cha senetwet, mti ambao wataalamu huuita Senna didymobotrya, kisha husugua kaa lake ndani kwa sosiot, burashi ndefu ya ukuti, mpaka ukuta uwe mweusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, yakafunikwa kwa siku kadhaa au hata majuma. Sasa, ikiwa maziwa yamechemshwa na hakuna aliyetia mtindi wa jana, ni nani aliyeyagandisha? Ni ukuta. Kibuyu kina vitundu vidogo mno ambavyo maji na kaa havivisafishi kabisa, na humo husalia bakteria wa jamii ya Lactobacillus pamoja na hamira. Bakteria hao hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki. Asidi hugandisha protini na kuwazuia wadudu wengi wa maradhi wasizaliane. Ndiyo maana nasema kwamba anayehamia pipa la chuma na kichachusho cha dukani anaweza kutengeneza maziwa lala mazuri sana, ila ameiacha mursik nyumbani.

Pingamizi lililo zito ni kwamba chombo kisichosafishika kabisa huhifadhi wema na wabaya pamoja. Pingamizi hili halifai kupuuzwa, hasa Bomet, ambako Hospitali ya Tenwek imetibu wagonjwa wengi wa saratani ya umio, baadhi yao wakiwa bado vijana. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba baadhi ya sampuli za mursik zilikuwa na pombe, na pia asetaldehidi, kemikali inayoweza kuharibu chembe za urithi. Hata hivyo, kukuta kemikali ndani ya kibuyu si sawa na kuthibitisha chanzo cha ugonjwa. Saratani hiyohiyo imeenea Malawi na Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, kusikojulikana mursik. Na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitaja vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio, jambo linaloigusa chai ya moto kuliko maziwa baridi. Tena sampuli hazikufanana, na hapo ndipo penye tumaini: ikiwa sotet moja hutoa asetaldehidi nyingi na nyingine kidogo, basi huenda tofauti iko kwa wakazi wake, na wakazi wanaweza kupimwa, kuchaguliwa na kuhamishiwa kibuyu kipya. Kazi hiyo inahitaji maabara inayokusanya vibuyu nyumba kwa nyumba kabla havijapasuka, na mama wenye vibuyu wahesabiwe kuwa wamiliki wa viumbe hao.