Picha Safi, Kichwa Bado Kizito

Mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe, amezirai kidogo, amekimbizwa hospitali. Majibu ya CT scan yanatoka: damu haijavuja, fuvu halijapasuka. Familia inashusha pumzi na kurudi nyumbani na parasetamo. Tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa, lakini mtoto anacheza, nauli nayo ni fedha. Hawarudi.

Kipimo kile hutafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo ni jambo jingine. Seli zimevurugika, chumvi za ndani yake zimetoka nje na za nje zimeingia, na kuzipanga upya kunakula nguvu nyingi wakati ambapo damu inayoleta sukari huenda imepungua. Uchovu huo hauonekani kwenye picha. Huonekana darasani: mtoto anarudia mstari uleule mara tatu, mwanga wa dirisha unamuumiza, anakasirika ovyo, na mwalimu anamwita mvivu.

Zamani sisi madaktari tuliagiza alale chumba chenye giza hadi apone kabisa. Tulikosea. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walisisitiza mapumziko ya siku moja hadi mbili tu, simu na runinga zikipunguzwa, kisha matembezi na kazi nyepesi. Kichwa kikimuuma kidogo akitembea, apunguze mwendo. Si lazima arudi kitandani. (Na ile desturi ya kumwamsha usiku kucha? Akishapimwa na kuruhusiwa nyumbani, kwa kawaida usingizi humsaidia.)

Lakini akitapika tena na tena, akipata degedege, maumivu yakizidi, akiwa mgumu kuamka au akilegea upande mmoja, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni saa hiyohiyo.

Siku ya kurudi, daktari humsimamisha kwa mguu mmoja, humtaka afuate kidole kwa macho na kukumbuka maneno machache, kisha humuuliza mama kuhusu usingizi na hasira. Kwangu kilicho muhimu kuliko vyote ni barua ya shule: asome nusu siku, apumzike katikati ya vipindi, mitihani ingoje. Watoto wengi hupona ndani ya wiki nne. Anayezidisha muda huo anahitaji uchunguzi wa kina, si fimbo.

Mpira ndio wa mwisho. Masomo kwanza yakae sawa, kisha kutembea, kukimbia, mazoezi bila kugongana, kila hatua walau siku nzima, na daktari aruhusu kabla ya mechi. Oktoba 2006, katika jimbo la Washington, Marekani, Zackery Lystedt wa miaka 13 aligonga kichwa akicheza futiboli ya kwao, akapumzishwa kidogo, akarudishwa uwanjani siku ileile. Baada ya mchezo alianguka, ubongo ukivuja damu. Alinusurika, ila ilimlazimu kujifunza upya kuzungumza na kutembea. Mwaka 2009 jimbo hilo lilitunga sheria yenye jina lake: mchezaji kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko atoke uwanjani, na asirudi bila idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya.

Mkija kliniki, leteni daftari la hisabati, kurasa za kabla na za baada ya kuanguka. Mimi huanza na mwandiko.